Mabaharia wa Kale wa Kiaustronesia na Lugha Zao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayojirudia kila inapozuka habari ya Madagaska, ya ngalawa, au ya watu wa visiwa vya Pasifiki. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayoleta ubishi. Anayetaka habari za upande wetu wa bahari tu anaweza kurukia swali la 13.

## Ya kuanzia

1. Waaustronesia ni akina nani?

Ni jina ambalo wanaisimu wamewapa watu wote wanaozungumza lugha za familia moja, familia ya Kiaustronesia. Si kabila, si taifa, wala si aina ya sura. Mkulima wa mpunga wa Java, mvuvi wa Kivezo wa magharibi mwa Madagaska, Mmaori wa Nyuzilandi na Mpaiwan wa milima ya kusini mwa Taiwan wote wamo, ingawa ukiwakutanisha hawataelewana hata kwa salamu.

Jina hili ni kama jina "Wabantu". Mswahili wa Lamu, Mzulu na Mkongo hawana mfalme mmoja wala mila moja, lakini lugha zao zina babu mmoja. Tofauti kubwa ni njia: Wabantu walienea zaidi kwa miguu na kwa kufuata mito, Waaustronesia walienea kwa tanga.

2. Lugha hizi ni ngapi, na ziko wapi?

Ni takriban 1,200. Magharibi zinaanzia Madagaska, mashariki zinaishia Rapa Nui, kile kisiwa kinachojulikana pia kama Kisiwa cha Pasaka. Kaskazini ziko Taiwan na Hawaii, kusini Nyuzilandi. Ukipima kwa longitudo, ni zaidi ya nusu ya mzunguko wa dunia. Kabla ya Wareno na Wahispania kuanza safari zao ndefu, hakuna familia nyingine ya lugha iliyokuwa imesambaa umbali huo.

Kimalay na Kiindonesia, Kijava, Kitagalogi na Kimalagasi ndizo zinazojulikana zaidi. Lakini nyingi ni za visiwa vidogo. Vanuatu ina wakazi wapatao laki tatu tu, na lugha zaidi ya 100.

3. Chimbuko lao ni wapi?

Taiwan. Sizungumzii Wachina walio wengi huko leo, ambao walihamia kwa wingi kuanzia karne ya 17, bali wenyeji wa asili wa kisiwa: Waami, Waatayal, Wapaiwan, Wabunun na wengineo. Mababu zao walivuka kutoka pwani ya kusini-mashariki mwa China zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, wakiwa wakulima wa mpunga na nafaka nyingine. Takriban miaka 4,000 iliyopita baadhi yao walivuka kusini kupitia visiwa vya Batanes hadi Luzon, Ufilipino, na hapo ndipo safari kubwa ilipoanza. Sababu za kuitaja Taiwan ziko katika swali la 6.

4. Je, wao ndio watu wa kwanza kuvuka bahari?

Hapana, na jambo hili lisemwe wazi, kwa sababu kulisahau huwanyima haki watu wengine. Mababu wa wenyeji wa Australia na Guinea Mpya walivuka maji makuu zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Katika kisiwa cha Buka, kaskazini mwa visiwa vya Solomon, kuna pango la Kilu lililokaliwa na watu yapata miaka 29,000 iliyopita, na huko hufiki bila chombo.

Walichofanya Waaustronesia ni kwenda mbali kupita hapo. Mashariki ya Solomon nchi kavu haionekani kwa siku nyingi. Kutoka Vanuatu hadi Fiji peke yake ni zaidi ya kilomita 800 za maji matupu. Huko hapakuwahi kufika mtu kabla yao.

## Ushahidi wa lugha

5. Wanajuaje kwamba lugha hizi ni ndugu?

Anza na hesabu. Tano kwa Kipaiwan cha Taiwan ni *lima*, kwa Kitagalogi *lima*, kwa Kimalay *lima*, kwa Kisamoa *lima*, kwa Kimaori *rima*. Nane kwa Kitagalogi ni *walo*, kwa Kisamoa *valu*, kwa Kimaori *waru*, na ukivuka Bahari ya Hindi nzima unalikuta Madagaska: *valo*. Saba ni *pito*, *fitu*, *whitu*, *fito*. (Kimalay chenyewe, kwa saba na nane, kimeacha maneno ya zamani na kutumia *tujuh* na *delapan*, ndiyo maana haitoshi kulinganisha lugha mbili tu.)

Lakini kufanana hakumridhishi mwanaisimu. Kinachomridhisha ni tofauti zenye utaratibu. Kimalay kikiwa na *b*, Kimalagasi kina *v*: *batu* na *vato* (jiwe), *bulan* na *volana* (mwezi), *burung* na *vorona* (ndege). Kimalay kikiwa na *p*, Kimalagasi kina *f*: *api* na *afo* (moto), *pasir* na *fasika* (mchanga). Mwenye haraka ataona tano ya Kimalagasi, *dimy*, aseme haifanani na *lima*. Inafanana kabisa ukijua kanuni: katika Kimalagasi *l* ikitangulia *i* hugeuka *d*, na hiyo *y* ya mwisho ni herufi tu ya kuandikia sauti *i*. Lugha ikibadilika kwa nidhamu ya namna hii, unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye neno la babu.

Mabaharia waliona dalili mapema. Mholanzi Frederick de Houtman alichapisha mwaka 1603 kamusi iliyoweka Kimalay na Kimalagasi pamoja.

6. Kwa nini iwe Taiwan, wakati wasemaji wengi wako Indonesia?

Kwa sababu idadi ya wasemaji haionyeshi asili. Kinachoonyesha asili ni matawi ya zamani yako wapi. Mwanaisimu Robert Blust aliigawa familia hii katika matawi makuu kumi, na tisa kati ya hayo yamo Taiwan peke yake, ndani ya kisiwa ambacho ni kidogo kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Tawi la kumi, Kimalayo-Polynesia, lina lugha zote nyingine: Kijava, Kimalagasi, Kimaori, Kihawaii, zote. Lugha zilizokaa muda mrefu mahali pamoja ndizo zinazotofautiana zaidi; zilizohama juzi hufanana. Ni hoja hiyohiyo inayoweka chimbuko la lugha za Kibantu mpakani mwa Kamerun na Nigeria, si Kongo wala Afrika Kusini kwenye wasemaji wengi.

Mwaka 2009 Russell Gray na wenzake walichambua msamiati wa lugha 400 kwa kompyuta, na jibu likarudi Taiwan, zaidi kidogo ya miaka 5,000 nyuma.

Halafu kuna vitu vya kushika mkononi. Jiwe la kijani la jedi kutoka Fengtian, mashariki mwa Taiwan, limepatikana likiwa limechongwa hereni huko Ufilipino, Borneo, Vietnam na Thailand. Na kuna mti jamaa ya mforsadi ambao watu wa Pasifiki huponda gome lake wakapata nguo: DNA ya miti ya visiwani imefuatiliwa hadi Taiwan. Mti huo haukuogelea. Ulibebwa na mikono ya watu kama miche.

7. Haya si maneno ya kuazimana tu, kama Kiswahili kilivyoazima Kiarabu?

Kuazima kupo, lakini kunatambulika. Lugha huazima kwa wingi majina ya bidhaa, ya dini na ya utawala. Huazima kwa shida sana maneno ya viungo vya mwili, ya mbingu na mwezi, ya kufa na kula, pamoja na sarufi yake. Kiswahili kina *kitabu* na *sita* za Kiarabu, lakini mkono, mguu, mvua na kufa ni vya kwetu, na ngeli ni za kwetu. Katika Kiaustronesia ni yale maneno ya ndani ndiyo yanayolingana, tena kwa kanuni za swali la 5. Neno la kuazima huingia likiwa na sauti za kule lilikotoka, na hapo ndipo hujitoa lenyewe.

## Vyombo na safari

8. Walitumia vyombo gani?

Chanzo ni mtumbwi wa gogo. Mtumbwi mwembamba hukimbia lakini hupinduka, kwa hiyo waliufungia matengo, yaani magogo au mbao zinazoelea pembeni, zikishikwa na miti iliyofungwa kwa kamba. Indonesia na Ufilipino hupenda tengo pande zote mbili. Pasifiki hupenda upande mmoja. Kwa safari ndefu, Wapolynesia walifunga mitumbwi miwili sambamba na kuweka jukwaa katikati, wakabeba watu, maji, nguruwe, kuku, mbwa, majimbi, viazi vikuu na miche ya mshelisheli.

Tanga walilishona kwa majani yaliyosukwa. Neno lake limesafiri nalo: Kitagalogi *layag*, Kimalay *layar*, Kimalagasi *lay*, Kimaori *rā*, Kihawaii *lā*. Maneno ya tanga na ya tengo hujengeka upya kwa uhakika katika tawi la Kimalayo-Polynesia, lile lililotoka Taiwan. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito: ufundi ulikomaa wakati uleule watu walipoanza kuondoka.

Mbao hazidumu, kwa hiyo vyombo vyenyewe ni adimu. Mwaka 2012 kipande cha mtumbwi cha urefu wa mita sita kilipatikana Anaweka, Nyuzilandi, kikiwa na kasa aliyechongwa ubavuni. Kilipimwa, kikaonekana ni cha yapata mwaka 1400.

9. Bila dira wala ramani, walijuaje njia?

Kwa nyota kwanza. Kila nyota huchomoza na kutua mahali palepale pa upeo mwaka mzima, kwa hiyo baharia aliyejua orodha ya nyota za njia yake aliifuata moja, na ikipanda juu sana akashika inayofuata. Mchana na usiku wa mawingu alitegemea mawimbi makubwa yanayotoka mbali. Hayo hayabadiliki kila upepo unapobadilika, na fundi huyahisi mwilini yanavyokiinua chombo. Visiwa vya Marshall walifundishana mikunjo ya mawimbi hayo kwa vijiti vilivyofungwa pamoja, vikiwa na makombe yanayoonyesha visiwa.

Kufika ni kazi nyingine. Kisiwa kidogo hakionekani kutoka mbali, lakini kuna ndege wanaolala nchi kavu na kuvua baharini: asubuhi hutoka kisiwani, jioni hurudi. Ukiwaona jioni, wafuate. Mawingu pia husimama juu ya kisiwa wakati mengine yanapita. Hivyo shabaha si kisiwa tu, ni kisiwa pamoja na duara lake la ndege na mawingu.

10. Haiwezekani walipotezwa tu na upepo wakajikuta visiwani?

Nadharia hii ilikuwa na nguvu katika miaka ya 1950, na bado inasikika. Haisimami. Mwaka 1973 Levison, Ward na Webb walichapisha matokeo ya maelfu ya safari za kubahatisha walizoziiga kwenye kompyuta kwa kutumia takwimu za pepo na mikondo. Vyombo vinavyoelea ovyo karibu havikufika kabisa Hawaii, Nyuzilandi wala Rapa Nui. Halafu jiulize: mvuvi aliyepotezwa na dhoruba huwa amebeba wake, watoto, nguruwe na miche ya kupanda?

Pepo za kudumu za Pasifiki huvuma kutoka mashariki. Waaustronesia walikwenda mashariki, yaani walibisha, wakisafiri dhidi ya upepo. Mtu wa bahari anajua faida yake: ukitafuta nchi mpya kwa kubisha, siku chakula kinapopungua unageuza chombo na upepo unakurudisha nyumbani.

Jibu la vitendo lilikuja mwaka 1976. Chombo Hōkūle‘a, mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, kilitoka Hawaii hadi Tahiti, karibu kilomita 4,000, bila kifaa chochote cha kuongozea. Nahodha wa nyota alikuwa Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, Mikronesia, kwa kuwa Hawaii yenyewe ilikuwa imepoteza elimu hiyo. Mwaka 1980 Nainoa Thompson, Mhawaii, aliirudia njia hiyo kwa elimu aliyojifunza. Hōkūle‘a baadaye ilizunguka dunia, na mwaka 2015 ilitia nanga Cape Town.

Kuhusu Kon-Tiki, jahazi la magogo la Thor Heyerdahl lililoelea kutoka Peru hadi visiwa vya Tuamotu mwaka 1947: lilithibitisha kwamba safari hiyo inawezekana, si kwamba ndiyo iliyowaleta watu. Lugha, mimea, wanyama na vinasaba vyote vinaelekeza Asia.

11. Walienea kwa kasi gani?

Kwa mikupuo. Kutoka Ufilipino walifika visiwa vya Mariana, zaidi ya kilomita 2,000 za bahari wazi, yapata miaka 3,500 iliyopita. Miaka 3,300 hivi iliyopita vyungu vyenye nakshi za nukta vilianza kuonekana katika visiwa vya Bismarck, karibu na Guinea Mpya. Ni utamaduni unaoitwa Lapita, kwa jina la sehemu iliyochimbwa Kaledonia Mpya mwaka 1952. Ndani ya karne chache tu Walapita walikuwa Vanuatu, Fiji, Tonga na Samoa. Walibeba hata vipande vya kioo cha volkano kutoka Talasea, kisiwa cha New Britain. Vimepatikana Fiji upande mmoja na Borneo upande wa pili.

Kisha wakasimama, kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Sababu inabishaniwa: umbali unaofuata ni mkubwa zaidi, pepo za magharibi za kuwasukuma ni chache, na huenda vyombo vya mitumbwi miwili vilikuwa havijakamilika. Walipoondoka tena hapakuwa na mchezo. Kuanzia karne ya 11 hivi, katika karne mbili au tatu, walijaza Tahiti, Marquesas, Hawaii, Rapa Nui, na mwisho Nyuzilandi kabla ya mwaka 1300. Nyuzilandi ilipata watu baada ya misikiti ya kwanza ya mawe ya pwani yetu kujengwa.

12. Walifika Amerika?

Walikutana na watu wa huko, hilo halina shaka tena. Viazi vitamu ni zao la Amerika Kusini, na mabaki yake yamepatikana Mangaia, visiwa vya Cook, ya kabla ya Kolumbasi. Vinasaba navyo vinaonyesha mchanganyiko kati ya Wapolynesia na wenyeji wa Amerika karibu na mwaka 1200. Lugha yao haikuota mizizi huko.

## Madagaska, Komoro na pwani yetu

13. Kwa nini jirani zetu Wamalagasi wanazungumza lugha yenye asili ya Asia?

Kwa sababu sehemu ya mababu zao ilitoka Borneo. Bukini, kama wazee wetu walivyokiita kisiwa hicho, iko takriban kilomita 400 tu kutoka Msumbiji penye mwembamba, lakini lugha yake ya karibu zaidi iko takriban kilomita 7,000 mashariki. Mnorwe Otto Christian Dahl alionyesha mwaka 1951 kwamba Kimalagasi kina undugu wa karibu kabisa na Kimaanyan, lugha ya bonde la mto Barito, kusini mwa Borneo.

Wamaanyan wa leo ni watu wa mtoni na msituni, si mabaharia. Alexander Adelaar ametoa maelezo yanayokubalika na wengi: walisafiri katika vyombo vya Wamalay, enzi za dola ya Srivijaya ya Sumatra, huenda wakiwa wafanyakazi wa chomboni. Ndiyo maana Kimalagasi kimejaa maneno ya bahari na ya pepo yenye asili ya Kimalay. Tazama hili: kaskazini kwa Kimalagasi ni *avaratra*, kutoka *barat* ya Kimalay yenye maana ya magharibi, na kusini ni *atsimo*, kutoka *timur*, mashariki. Wasafiri walikuwa wakitaja pande za dunia kwa pepo zake za msimu. Walipofika bahari nyingine ambako dhoruba hutoka upande mwingine, walibaki na jina, upande ukageuka.

Wanaisimu wengi huiweka safari hiyo kati ya karne ya 5 na ya 8. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kundi la waanzilishi kutoka Indonesia lilikuwa na wanawake wapatao 30 tu, yapata miaka 1,200 iliyopita.

14. Mbona basi Kimalagasi kina maneno yanayofanana na ya kwetu?

Kwa sababu mababu wengine wa Wamalagasi walikuwa Wabantu wa pwani hii. Nenda zizini uone: ng'ombe ni *omby*, kondoo ni *ondry*, kuku ni *akoho*, kanga ni *akanga*, mbwa ni *amboa*. *Akoho* inakaribia zaidi *nkuhu* ya Kikomoro kuliko kuku ya Kiswahili, nayo hiyo ni dalili ya njia. Wageni kutoka Borneo walileta lugha na mpunga. Mifugo walijifunza kwa watu wa huku, pamoja na majina yake. Ukisikia mtu anasema Wamalagasi "si Waafrika", mpeleke kwanza kwenye hilo zizi.

15. Walikuja moja kwa moja, au walipitia pwani ya Afrika?

Bado inajadiliwa, lakini ushahidi wa mashambani umeelekea upande mmoja. Mwaka 2016 Alison Crowther na wenzake walichapisha uchunguzi wa punje zilizoungua kutoka makazi ya kale. Bara na visiwa vilivyo karibu nayo walikula nafaka za Afrika: mtama, uwele, ulezi. Komoro na Madagaska, kuanzia karne ya 8 hadi ya 10, walikula mpunga na choroko, na walilima pamba ya Asia. Kama wageni wangekaa kwanza kwa vizazi vingi Kilwa au Unguja, tungetarajia shamba lao lionekane huko pia.

Kwamba chombo cha namna ile kinaweza kuvuka kimethibitishwa. Mwaka 2003 na 2004 jahazi lenye matengo, lililoigwa kutoka michoro ya mawe ya hekalu la Borobudur, Java, lilisafiri kutoka Jakarta, likapita Madagaska na Cape Town, hadi Accra, Ghana.

16. Na Wakomoro? Wao husema lugha ya Kibantu.

Ndiyo, na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Kikomoro ni ndugu wa damu wa Kiswahili, wote wa kundi la Sabaki, tawi la lugha za Kibantu za pwani. Lakini machimbo ya mambo ya kale ya Sima, kisiwa cha Nzuani, yametoa mazao ya Asia kama yaliyotajwa katika swali la 15. Inawezekana kabisa kwamba mwanzoni Komoro ilisikika Kiaustronesia, kisha wasemaji wa Kibantu wakaongezeka na lugha yao ikashinda.

Kisiwani Maore kuna vijiji vinavyozungumza Kibushi, ambacho ni lahaja ya Kimalagasi, kando ya vijiji vya Shimaore, Kikomoro cha huko. Hao hawahusiani moja kwa moja na wale wa Sima. Ni wahamiaji wa karne za baadaye kutoka Madagaska.

17. Je, ngalawa yetu ilitoka kwao?

Umbo lake, ndiyo. Chombo chenye matengo pande zote mbili ni cha Indonesia na Ufilipino, na katika Afrika kinapatikana pwani hii na visiwa vyake tu, yaani mahali ambapo Waaustronesia walipita. Hakuna ngalawa Senegali wala Angola.

Ukisimama Nungwi au Bagamoyo ngalawa ikivutwa mchangani, utaona kwamba mafundi wetu hawakuiga tu. Gogo mara nyingi ni la mwembe. Matengo si magogo ya mviringo bali ni mbao bapa, zimelazwa mshazari, hivyo chombo kikilala upande mmoja ule ubao hukata maji na kukiinua. Tanga ni la pembe tatu, la Bahari ya Hindi ya magharibi. Kwa hiyo ni chombo cha Waswahili kilichoanzia kwenye wazo la Waaustronesia. Wavuvi wa Kivezo, ng'ambo, wao wamebaki na tengo moja.

Mtepe, kile chombo cha kushonwa kwa kamba za usumba, usiuingize humu. Kushona mbao kulijulikana Uarabuni, India na Asia ya Kusini-Mashariki, kwa hiyo hakuonyeshi njia moja.

18. Wale "Waqwaq" wa hadithi za Waarabu ndio hawa?

Huenda. Buzurg ibn Shahriyar, aliyekusanya simulizi za manahodha wa Ghuba katika karne ya 10, anaeleza kwamba mwaka 945 watu wa Waqwaq walikuja na vyombo elfu moja wakaishambulia Qanbalu, mji ambao wengi huamini ulikuwa Pemba. Walipoulizwa wanataka nini, walitaja pembe, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari, na watu wa Zanj, yaani wa pwani hii, wa kuwafanya watumwa. Idadi ya vyombo ni ya mabaharia wakisimulia. Lakini bidhaa hizo ni za kweli, na wakati huo Waaustronesia walikuwa tayari Madagaska.

Usichanganye tukio hilo na mashambulizi ya Wamalagasi wa karibu mwaka 1800, yaliyofika Komoro, visiwa vya Msumbiji na Mafia. Mji wa Kua, kisiwani Juani, ambao magofu yake yapo hadi leo, unasimuliwa kuwa ulivunjwa na Wasakalava.

19. Ndizi na nazi zililetwa nao?

Nazi kwa sehemu. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2011 ulikuta minazi ya dunia imegawanyika makundi mawili, la Bahari ya Hindi na la Pasifiki. Ya Madagaska na Komoro ina mchanganyiko wa yote mawili, jambo linaloendana na mbegu zilizobebwa kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Ndizi asili yake ni Guinea Mpya na Asia ya Kusini-Mashariki, lakini ilifika Afrika kwa njia zaidi ya moja. Matoke ya Uganda na ndizi za Kagera, Rwanda na Burundi zina historia ndefu ya huku, na kuiweka yote kwenye chombo kimoja cha Waaustronesia ni kurahisisha mno.

## Yanayoleta ubishi

20. Lugha ikisafiri, damu nayo husafiri?

Si lazima, na Vanuatu ndiyo mfano bora. Watu wa kwanza wa huko, waliozikwa Teouma yapata miaka 3,000 iliyopita, DNA yao ilichapishwa mwaka 2016: karibu yote ni ya Asia, inayofanana na ya wenyeji wa Taiwan na Ufilipino. Watu wa Vanuatu wa leo wana sehemu kubwa zaidi ya nasaba ya Kipapua, ile ya wenyeji wa kale wa Guinea Mpya na visiwa jirani, kutoka wimbi la wahamiaji waliofuata kutoka visiwa vya Bismarck. Lakini wanazungumza lugha za Kiaustronesia, zile za waliozikwa Teouma. Watu walibadilika, lugha ikabaki. Komoro (swali la 16) yaelekea ilikuwa kinyume chake, na Madagaska (swali la 14) ni mchanganyiko ambao lugha moja ilishika nchi nzima.

Ndiyo maana nasisitiza kutazama maneno, vyombo, mbegu na mifupa kwa pamoja. Kila kimoja kina njia yake.

21. Kiamu husema *mato*, Kimalay *mata*. Si ndugu hizo?

Swali hili huulizwa na watu wa Lamu hasa, na ni swali zuri. Jibu ni hapana. *Mato* ya Kiamu ni *macho* ya Kiunguja, na tofauti hiyo ina kanuni: palipo na *ch* Unguja, Kiamu mara nyingi kina *t*. Kucheka ni kuteka, mchana ni mtana. Umoja wake ni *ito*, na neno lote linarudi kwenye mzizi wa Kibantu unaopatikana hadi Afrika Kusini. *Mata* ya Kimalay ni *maso* kwa Kimalagasi na *mata* kwa Kimaori, na haina umoja wala wingi. *Ma* yake si kiambishi. Ukiondoa *ma* ya Kiamu unabaki na *-to*, ukiondoa *ma* ya Kimalay unaliharibu neno.

*Lima* ya Kimalay, tano, na *lima* yetu ya jembe ni kisa hichohicho. Lugha mbili zenye irabu tano au sita na silabi fupi haziwezi kukosa maneno ya kugongana. Anayetaka kudai undugu alete maneno kumi ya mwilini yanayofuata kanuni moja ya sauti, kama Kimalagasi na Kimalay katika swali la 5.